Mwanapili na Konokono wa Gazi

Mwaka umeshazunguka, Mwanapili, tangu ulipotuaga. Ulituaga asubuhi, mwezi wa Juni mwaka jana, 1958, masika yakiwa yanakatika. Mpaka leo mama yetu Mwanarusi akimimina chai hukutilia na wewe kikombe, kisha hukumbuka, akakinywa yeye huku amenuna. Si kifo anachokinunia. Anakununia wewe, kwa kuondoka na kuyaacha nusu makuti aliyokuagiza ya paa la jikoni.

Tunayasema haya sisi watu wa nyumbani kwako Gazi, na tunakusemesha wewe. Mwenye kupita akisikia, na asikie. Wengi wanajua kwamba ulifariki kwa kichomi. Wachache wanajua siku ile ya maji ilikuwaje, na anayeijua kuliko wote, mdogo wako Biasha, ameinyamazia mwaka mzima kwa sababu wewe mwenyewe ulimwapisha. Juzi amefungua kinywa, na katika kukifungua tumepata habari ambayo hata wewe hukuwa nayo. Ndiyo maana hatukuweza kungoja.

Ulikuwa mshona makuti, na mikono yako ilikwenda yenyewe bila ya macho. Macho uliyatumia kwa mambo mengine. Mume uliyeozwa hamkupatana, ukarudi nyumbani na sanduku lako bila ya machozi. Mtoto hukujaliwa, basi ukawachukua wa mji mzima. Wakitoka chuoni kusoma Kurani walipitia kwako kwanza, kabla hata ya kwenda kwao kula, wakakukuta umekaa uani na makuti mapajani. Hukuwafukuza na hukuwapa kashata. Uliwauliza swali, na swali likawatia wazimu mpaka jioni.

Uliwapa manjano ya jikoni wakayasugua kwenye kitambaa cheupe, kisha ukawapakia chokaa ya tambuu kwenye ncha ya kidole, wakaigusisha. Kitambaa kikageuka chekundu papo hapo, na kelele zikasikika mpaka kisimani. Ukakamua ndimu juu yake, wekundu ukatoweka, manjano yakarudi. Mama akaja juu, akagomba kwamba manjano yake yanakwisha na mchuzi umekuwa mweupe. Ukamjibu, "Mama, mchuzi tutakula kesho. Leo wamejua kwamba ndimu na chokaa hawapatani."

Ulikuwa na kile kioo cha kukuzia, ulichopewa ulipokuwa ukifua nguo kwenye nyumba ya wageni kule Galu. Ulikifunga kwa uzi ukakivaa shingoni, mchana na usiku, na wenye maneno walisema ni hirizi. Sheria yako ilikuwa moja tu. Kabla mtoto hajakitumia kumtazama mdudu au jani, sharti autazame ukucha wake mwenyewe. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa anawe mikono.

Na bahari ikitoka uliwachukua mikokoni. Huko uliwaonyesha kaa dume mwenye gando moja kubwa, anayelipunga hewani kutwa nzima ili jike amwone, ukawaambia, "Mtazameni huyo, hana kazi nyingine, ndugu zake wako barazani." Uliwaonyesha samaki wanaotembea juu ya tope kwa mapezi yao na kukutumbulia macho ukiwasogelea. Uliwalambisha majani ya mchu wayaonje chumvi, ukawaeleza kwamba mti ule hunywa maji ya bahari, kisha chumvi huitoa nje kupitia majani yake. Walilamba wote. Biasha naye alilamba, mtu mzima na kanga zake mbili, akatema mate njia nzima mpaka nyumbani.

Biasha ndiye mdogo wako wa pekee, mke wa Salimu mvuvi. Tangu utotoni anaogopa maji, na kuolewa na mvuvi hakukumtibu. Mtoto wake ni mmoja tu, Mbodze, ambaye mwaka jana alikuwa wa miaka minane. Mbodze alikuwa hashikiki. Alikuita mama mkubwa kwa jina la heshima, lakini alikufuata unyounyo na kukujibu maneno ya utu uzima, na ulimpenda kwa hilo. Kila ulipokuja kumchukua, Biasha alimtoa. Hakuweza kukunyima. Ila akishamtoa alikaa roho juu, akichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa, mpaka asikie sauti zenu zinarudi.

Sasa tuje kwenye Idi, maana bila ya Idi ile yasingetokea haya.

Mwaka jana Ramadhani iliishia mawinguni. Jioni ya ishirini na tisa watu walisimama ufukweni mpaka shingo zikawauma, na hakuna aliyeona kitu. Alfajiri akashuka mtu kwenye lori lililotoka Samburu, akaapa kwamba huko bara mbingu zilikuwa nyeupe na mwezi ameuona kwa macho yake. Nusu ya mji ikasema leo Idi. Nusu ikasema mtu huyo hatumjui, tunatimiza thelathini. Wewe, Mwanapili, ulikuwa mbele ya watu wa Idi, na ulipokuwa mbele ya jambo hapakuwa na mtu wa kukurudisha nyuma.

Mbele ya watu wa thelathini alikuwa Mzee Waziri, mchonga mitumbwi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Ulimpelekea sahani ya pilau. Akairudisha imefunikwa vile vile, pamoja na salamu kwamba yeye bado amefunga. Kesho yake, siku ya Idi yake, akakuletea na yeye sahani, nawe ukaila mpaka ukoko, ukasema mwenye Idi mbili ana bahati ya pekee. Watu walicheka, lakini mzaha ulificha kinyongo. Tangu siku hiyo mlipokutana njiani mlisalimiana kwa adabu, na hakuna aliyeongeza neno. Akamkataza hata mjukuu wake Shutu, mtoto wa miaka mitano, asitie mguu uani kwako.

Asiye wa pwani ataona ni ugomvi wa pilau tu, basi tumweleze. Kwetu maji huhesabiwa kwa tarehe ya mwezi. Ukijua leo mwezi ni wa ngapi, unajua bahari itatoka saa gani na itarudi saa gani. Na kwa kuwa kila siku maji huchelewa kidogo kuliko jana, mwenye kuhesabu siku moja mbele atayangoja maji ya kesho, na kumbe ya leo yako njiani. Wavuvi hawana tabu, wao huyatazama maji yenyewe kila kukicha. Wewe ulishinda uani na makuti yako, ukahesabu tangu Idi yako. Mwezi wenyewe haukuonekana ili ukusahihishe, kwa sababu mawingu ya masika yaliufunika wiki zote hizo.

Ilikuwa Alhamisi, chuo kimefungwa, siku za bamvua, maji yanapotoka mbali sana na kurudi mengi sana. Ulikuwa umewaahidi watoto kile kisiwa kidogo cha michu ng'ambo ya mkondo, kinachofikiwa kwa miguu wakati bahari imetoka kabisa. Uliondoka na wanne: Mbodze, na Kahaso msichana wa miaka kumi na miwili aliyekuwa mkubwa wao, na watoto wawili wa shangazi yake Kahaso. Mlipokwisha kuvuka mkageuka, mkamwona Shutu nyuma yenu, amelowa mpaka kiunoni, anacheka. Amekatazwa uani, mikokoni hakukatazwa. Kumrudisha peke yake haikuwezekana, ukamshika mkono. Wakawa watano.

Biasha alikuwa uani kwetu na ungo wake aliposikia hodi. Alishangaa, kwa sababu sauti ile haikuwa imepiga hodi nyumbani kwetu tangu Idi.

"Karibu, Mzee Waziri. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Dada yako yuko wapi?"

"Amekwenda mikokoni na watoto."

"Amevuka mkondo?"

"Amevuka. Wanarudi maji yakianza kugeuka."

Mzee Waziri alikuwa na tezo yake ya kuchongea begani. Aliitua chini taratibu. "Biasha, maji yameshageuka kitambo."

"Bado, mzee wangu. Leo mwezi kumi na saba."

"Kumi na saba ya kwenu hiyo. Bahari haikula Idi na nyinyi."

Biasha alisimama, ungo ukamwagika. Mzee alikuwa ameanza kusema kwamba asubuhi alikuona unapita na watoto, akajua umekosea hesabu, akataka kukuita, kisha akajiambia kwamba mtu mwenye sauti kubwa vile hahitaji kuambiwa. Alikuwa akilieleza hilo kwa unyonge, na Biasha hakumsikiliza. Alimkatiza.

"Mzee, Shutu yuko wapi?"

"Shutu? Anacheza na wenziwe."

"Wenziwe ndio hao. Mtoto wa jirani amepita sasa hivi kuniambia kamwona nyuma yao."

 Mzee Waziri aligeuka akakimbia, na Biasha anasema hajapata kumwona mzee anakimbia vile, kanzu ameikunja kwa mikono miwili, miguu mitupu.

Mkondo ulikuwa umejaa. Pale ambapo asubuhi watoto walivuka wakirushiana maji, sasa maji yalikuwa mazito, ya rangi ya tope, yanaingia kwa nguvu na kubeba majani na vijiti kuelekea ndani. Ng'ambo, kisiwa kilikuwa kimepungua. Michu ya pembeni ilikuwa imesimama majini. Biasha akaita jina la Mbodze, akaita lako, akaita tena. Upepo ulikuwa umelala na sauti yake ilikwenda, lakini hakuna aliyemjibu.

Wanaume wote walikuwa nje ya mwamba, Salimu akiwa miongoni mwao. Chombo kilichokuwapo pwani ni kimoja, mtumbwi ulioletwa kwa Mzee Waziri kuzibwa ufa uliokuwa chini, urefu wa mkono mzima. Mzee akaushindilia ufa makumbi ya nazi kwa kisigino, akavua kilemba chake akakipigilia juu, akausukuma mtumbwi majini. Maji yakaanza kuingia hapo hapo.

"Mwanangu, mimi nitasukuma upondo. Siwezi kusukuma huku nikifua maji yanayoingia. Ingia."

Biasha alitazama ule ufa. Ametuambia waziwazi, na hajaona haya: kwa muda wa kupumua mara moja alitaka kukataa. Kisha akaingia, akapiga magoti mle ndani, akashika kifuu cha nazi akaanza kufua, akiyamwaga maji nje.

Mkondo uliwakamata na kuwapeleka kando. Upondo ukawa haufiki chini, Mzee Waziri akawa anapiga makasia kwa ubao aliouokota, anausogeza mtumbwi hatua moja mbele, unarudishwa nusu. Biasha hakuinua kichwa. Alifua kulia, akafua kushoto, kanga imemtoka kichwani, na kilemba kilichoziba ufa kilikuwa kikivimba na kupwaya mbele ya macho yake. Walipokuwa katikati ndipo aliposikia mayowe.

Yalikuwa ya watoto, yote kwa pamoja, kutoka kisiwani. Biasha akaacha kufua.

"Wanakufa," akasema. "Mzee, wanakufa."

"Fua!"

"Wanakufa, nasikia sauti ya Mbodze!"

"Anayepiga kelele yuko hai! Fua maji, Biasha!"

Akafua. Na kelele zikakatika ghafla.   Biasha aliendelea kufua kwa kuwa mikono haikujua jambo jingine la kufanya, akisoma kila sura aliyofundishwa chuoni, akizichanganya. Kisha mayowe yakaanza tena, makubwa kuliko mwanzo, na sasa walikuwa karibu, na neno likasikika. Watoto walikuwa wanasema, "Panda! Panda! Panda!"

Mtumbwi ukapenya kati ya michu, na Biasha akawaona. Watoto watano walikuwa juu ya tawi moja, wamejipanga, miguu inaning'inia, wamechafuka tope mpaka nyusi. Wewe ulikuwa chini yao. Maji yalikufika kifuani, bega lako la kulia limelikaza tawi, na mikono yako miwili imeukumbatia mti. Tawi lilikuwa limepasuka pale lilipotoka shinani. Kilichokuwa kinalishikilia ni wewe.

Biasha alifungua kinywa apige ukunga. Ukamtazama. Midomo yako haikuwa na rangi, lakini sauti uliyoitoa ilikuwa ile ile ya uani, ya siku zote.

"Biasha," ukasema, "mchezo umekwisha. Hebu waulize nani ameshinda."

Hakuelewa. Alitazama watoto, akakutazama wewe, ukamkazia macho, naye akajua kwamba hapo hapana ruhusa ya kulia. Akauma mdomo. Sauti ilipomtoka ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka.

"Enhe, watoto. Nani ameshinda?"

"Sote!" wakapiga kelele. "Hakuna aliyelowa!"

Mzee Waziri alimpokea Shutu kwanza, akampakata, akakaa amewapa mgongo wengine muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akawavusha watoto, kisha akakurudia wewe. Mikono yako iligoma kuuachia mti. Ilibidi aifungue kidole kimoja kimoja, na begani ngozi ilikuwa imebaki kwenye gamba la tawi.

Ulipokuwa umelala na homa, kikohozi kikikukata maneno, ndipo ulipomsimulia Biasha. Konokono wa mikokoni hushuka chini kula tope bahari ikitoka. Kabla maji hayajarudi, hata hayajaonekana, wao huanza kupanda miti, wakaenda wakakaa juu ya pale maji yatakapofika. Jinsi wanavyojua, hakuna anayeifahamu. Ulikuwa umejiahidi kwamba siku moja utakaa uwatazame mwezi mzima mpaka uwafumanie. Siku ile uliwaona wanapanda, wote, kwenye kila mchu, wakati kwa hesabu yako bahari ilikuwa ingali inatoka. Ulisimama ukawatazama. Kwa maneno yako mwenyewe, ulijiambia, "Ama konokono wote wa Gazi wamekuwa wajinga leo, ama mjinga ni mimi."

Ulikimbia mkondoni ukakuta maji yamepita kimo cha watoto na yanakwenda kasi. Mmoja ungeweza kumvusha. Watano hungeweza, na kumchagua mmoja hukutaka. Ukarudi kwa konokono. Ukatafuta mchu wenye tawi nene juu ya konokono aliyepanda zaidi, ukawakweza watoto mmoja mmoja, ukawaambia leo kuna mashindano: kila mtu achague konokono wake, na ambaye konokono wake atalowa ameshindwa. Mengine tawi liliyaamua. Lilipolia likitaka kuvunjika ulitia bega.

Hukujua, ulimwambia Biasha, kama konokono wako hawatakosea. Uliwaamini kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwamini.

Biasha alikuwa na hasira nawe, na unajua. Alilia akakuambia, "Ungeniulia mwanangu kwa ubishi wa pilau." Hukujitetea. Ulisema, "Ni kweli." Kisha ukamshika mkono, ukamwapisha kwamba hatawaambia watoto.

"Wao wanajua ulikuwa mchezo," ukasema. "Waache hivyo hivyo. Hawa ni watoto wa Gazi, wakiogopa maji watakula nini? Ukiwatia woga wa bahari, utakuwa umewaacha kule kule juu ya tawi."

Akaapa. Haikupita muda mrefu, kichomi kikakuchukua. Wapo wanaosema ni maji yaliyokuua. Sisi hatubishani na mtu. Tulikuzika, na Mzee Waziri alikuwa miongoni mwa walioshuka kaburini kukupokea, na tangu siku hiyo hapana mtu wa Gazi aliyesikia tena habari ya Idi mbili.

Biasha alikishika kiapo chake kwa upande mmoja tu. Watoto hakuwaambia, ila na bahari hakuwapa. Mbodze akiomba kwenda mikokoni, leo kuna jua kali, leo kuna mvua, leo kuna kazi, leo mama ana kichwa. Mwaka mzima mtoto amekuwa akiitazama bahari kutoka uani. Akatulia, akawa mtoto wa adabu anayekaa anapowekwa, na wanawake wenzake wakampongeza Biasha kwa malezi. Biasha akawa akisikia pongezi hizo anakwenda jikoni kulia, kwa kuwa alijua ni jambo gani hasa analolifanya.

Juzi tulikusomea hitima. Watu walipokwisha kutawanyika, Mbodze alimfuata mama yake kwenye sufuria.

"Mama, kesho maji yanatoka asubuhi. Twende mikokoni?"

"Kesho tuna kazi."

"Kwa nini kila siku hapana?"

Na Biasha, aliyekuwa amechoka kwa kupika na kwa mwaka mzima, akashindwa. Alikaa chini palepale kwenye majivu akamwambia yote. Alimwambia siku ile haukuwa mchezo, maji yaliwakata, tawi lilikuwa linavunjika, wangekufa wote watano na wewe wa sita, nawe uliwadanganya ili wasiogope. Alipomaliza aliufunika uso kwa kanga. Alijua amevunja kiapo, na aliogopa kumtazama mtoto machoni.

Mbodze alingoja mpaka amalize kulia.

"Tulijua, mama."

"Mlijua nini?"

"Tawi lilikuwa linatetemeka na upepo haukuwapo. Kahaso akachungulia, akaona ni bega la mama mkubwa. Meno yake yalikuwa yanagongana. Kahaso akatwambia tunyamaze kidogo tuone. Tuliponyamaza, akazidi kutetemeka. Tuliposhangilia, akatulia. Tukanyamaza tena, akatetemeka tena." Mtoto aliinua mabega. "Basi tukawa tunashangilia. Koo zilituuma, lakini Kahaso alisema tukiacha atajua tunaogopa."

"Na mlikuwa mnaogopa?"

"Sana," Mbodze akasema. "Shutu alijikojolea. Tulimwambia apige kelele hivyo hivyo."

Hiyo ndiyo habari tuliyokuletea, Mwanapili. Uliondoka duniani ukidhani umewaficha watoto woga wako, na wao watano juu ya tawi walikuwa wakikuficha wa kwao. Hatujui kama huko uliko habari hufika. Ikiwa zinafika, tulitaka upate hii kwetu sisi, leo, si baadaye.

Jana asubuhi Biasha aliwavusha watoto wote watano mkondo ule. Alivuka yeye mbele.

Tunaokutaja ni mama yako Mwanarusi, ambaye bado anangoja makuti. Mdogo wako Biasha na shemeji yako Salimu. Mwanao Mbodze, kwa kuwa mama mkubwa ni mama. Na Kahaso na wale wawili wa shangazi yake, na Shutu, uliowazaa siku ile juu ya mchu. Mzee Waziri si wa ukoo wetu. Ameomba jina lake litiwe, nasi tumelitia kwa furaha.

Mungu akulaze pema, dada. Hatukuwahi kuacha kukutaja, na hatutaacha mpaka na sisi tutajwe.